Umeipata kwa Nani?

Kuna watu hapa Kitengela ambao hawajanisalimia tangu mwaka jana, na sababu ni moja. Nilisimama msikitini, mbele ya watu walionizidi umri, nikasema kwamba Maalim, mzee aliyenisomesha kwa miaka ishirini na mbili, asipokewe tena neno lolote kuhusu Mtume. Nikataja na tarehe ya kuanzia. Wengine wanasema nilimvua mzee nguo. Wengine wanasema hayo ndiyo matunda ya kusomesha wanawake. Wacha waseme. Mimi niko na buchari karibu na steji ya magari ya Isinya, na hao walioninunia bado wanatuma watu kununua nyama kwangu, kwa hivyo najua hasira yao haijafika tumboni.

Lakini sitaki mtu asiyemjua Maalim adhani alikuwa mzee wa hivi hivi tu. Nitamweleza. Na kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kusema, kila nitakalosema nitataja nimelipata wapi. Nililoliona nitasema nimeliona, nililosikia nitasema nimelisikia kwa nani, na lisilo na mwenyewe nitawaambia mliache.

Maalim alikuwa mchinjaji. Hilo nimeliona mwenyewe, tena si mara moja. Kwenye machinjio yetu wenye ng'ombe ni Wamasai, Wakristo wa kanisa kabisa, na wenye buchari wengi ni watu wa Kiambu na Murang'a, nao Wakristo, lakini kisu lazima kishikwe na Mwislamu ili nyama iliwe na kila mtu. Ndivyo ilivyo huku kwetu. Maalim ndiye aliyekishika kisu hicho tangu Kitengela ikiwa barabara moja na vumbi, na watu waliokula nyama ya mkono wake bila kumjua hata sura hawahesabiki. Alifika baada ya swala ya alfajiri, gambuti nyeupe miguuni, kisu amekikunja ndani ya gazeti. Wachunga ng'ombe wa Kimasai walimwamkia "Sopa" naye akaitikia "Epa" kwa sauti ya kutoka kifuani, utadhani amezaliwa Bisil. Akiwa na kisu mkononi hakuongea. Akishakiosha, hakunyamaza mpaka adhuhuri.

Hii inayofuata nimeipata kwa marehemu mama yangu, aliyekuwa akiuza matumbo pale getini, na yeye aliiona. Dalali mmoja alileta fahali mweupe, mnene, na karatasi zake zote: barua ya chifu, kibali cha kusafirisha mifugo, mihuri juu ya mihuri. Daktari wa mifugo alikuwa ameridhika. Maalim akalishika sikio la fahali, akautazama mkato wa alama, kwa sababu kila ukoo uko na mkato wake, kisha akauliza, hii ng'ombe umeipata kwa nani? Dalali akasema kwa fulani wa Isinya. Na yeye aliipata kwa nani? Kwa mzee fulani, soko la Kajiado, mwezi uliopita. Maalim akakifuta kisu na kukirudisha kwenye gazeti. Alisema mzee huyo wa Kajiado anamjua vizuri, na alikuwa kwenye mazishi yake kabla ya mvua kubwa, akanywa hata chai ya akina mama wa kanisa, kwa hivyo angependa kuelezwa marehemu alitoka saa ngapi kwenda soko. Fahali hakuchinjwa. Siku ya tatu mwenyewe akatokea, mtu wa upande wa Namanga, amefuata nyayo na habari mpaka getini kwetu.

Miaka baadaye nilipoanza kusoma kwake, fahali huyo ndiye aliyekuwa somo la kwanza. Maalim alituambia karatasi zilikuwa nzuri, mihuri mizuri, mnyama mwenyewe anapendeza, na bado alikuwa wa wizi, kwa sababu katikati ya mnyororo palikuwa na mtu aliyenunua kwa maiti. Basi na hadithi za Mtume ni hivyo hivyo. Kila moja imetanguliwa na majina: fulani amesikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ifike kwa Mtume mwenyewe. Watu wengi huyaruka majina ili wafikie maneno, kama mtu anayeisukuma mifupa pembeni ya sahani. Maalim alianza na mifupa. Hawa wawili waliwahi kukutana? Yule alikufa lini, na huyu alizaliwa lini? Alikuwa mkweli? Alikuwa na kumbukumbu? Ukimpata mmoja mbovu katikati, mnyororo umekatika, na utamu wa maneno hautauunga.

Darasa lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya msikiti, baada ya alasiri. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni kabisa, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuosha matumbo na mama na nilijua nanuka. Maalim akaniambia niende mbele. Nikasema Maalim, nimetoka kazini. Akanusa mkono wa kanzu yake, akasema na yeye pia ametoka huko huko, basi tukae karibu tusiwasumbue wengine. Wenzangu walicheka. Mimi nikaenda mbele, na mbele ndipo nilipokaa kwa miaka ishirini na mbili. Niko na daftari kumi na tisa za masomo yake, kila somo na tarehe yake, kwa sababu alisema maneno yasiyo na tarehe ni ya mtu asiye na shahidi.

Swali lake lilikuwa lile lile la getini, na hakulibakiza msikitini. Ukimwambia bei ya mbuzi imepanda Kiserian, umeipata kwa nani? Ukimwambia fulani ameachana na mkewe, umeipata kwa nani, na ukijibu kwa watu, alikuuliza watu ni nani, mama yao anaitwaje. Katika kundi la msikiti kwenye simu, mtu akituma zile habari za kwamba ukisambaza kwa watu kumi utafunguliwa mlango wa riziki, Maalim alijibu kwa sauti, maneno matatu tu, na nyuma yake unasikia ng'ombe. Wengine walihama kundi wakaenda kuunda la kwao, ambalo hayumo. Alipoambiwa, alisema ni vizuri, uongo nao unahitaji mahali pa kukaa.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyemdai kila mmoja ushahidi, magoti yalipoanza kumwuma, alinunua chupa ya dawa ya mizizi kwa mchuuzi aliyesimama juu ya kreti pale Isinya na kipaza sauti. Alikunywa chupa nzima. Nilimwuliza, Maalim, hii umeipata kwa nani? Akasema alikuwa mtu mwenye uso mzuri. Aliumwa tumbo siku nne, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo. Tena alichukia usengenyaji. Nimemwona akiondoka harusini, sahani ya pilau haijaisha, kwa sababu meza ilianza kumjadili mtu ambaye hayupo. Lakini akiingia darasani aliwajadili watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita bila haya: huyu alikuwa mwongo, huyu alipenda kusifiwa, huyu aliazima vitabu akadai amesikia kwa masikio. Nilimwuliza tofauti iko wapi. Akaniambia mtu akiwa nyumbani kwake, aibu yake ni yake. Akishajitokeza akasema Mtume amesema, amejileta sokoni mwenyewe, lazima tumtazame meno.

Kuna wanaosema alisoma Lamu miaka kumi na akarudi huku bara kwa miguu. Hiyo sina mnyororo wake. Nilimwuliza akacheka tu. Iacheni.

Ukutani pa madrasa palikuwa pameandikwa kwa rangi ya kijani kwamba Mtume amesema tutafute elimu hata China. Mfadhili mmoja ndiye aliyelipia rangi na fundi. Maalim alitoka machinjioni na gambuti zake akakuta maandishi yamekamilika, akarudi na ndoo ya chokaa. Mimi nilikuwa pale, nilimshikia ngazi. Imamu alikuja mbio, akamwambia lakini Maalim, kutafuta elimu si ni jambo zuri? Maalim akamjibu bila kugeuka kwamba ni zuri sana, basi waandike kwamba ni zuri, wasiandike kwamba Mtume amesema wakati mtu aliyeileta hadithi hiyo wanazuoni hawamwamini. Ukuta ukabaki mweupe. Watu wa China hawakulalamika.

Lakini mama yangu alipofariki, na matanga yakajaa mpaka barabarani, mzee mmoja alisimama akasema, Mtume amesema pepo iko chini ya nyayo za mama, na watu wote wakaitikia. Mimi nilimtazama Maalim. Alikuwa ameinamisha kichwa, hakusema neno. Siku ya nne alikuja nyumbani, akakaa, akaniambia taratibu kwamba maneno yale, kwa njia ile, ni dhaifu. Kisha akasema iko njia nyingine iliyo nzuri, ya mtu aliyetaka kwenda vitani akaulizwa kama yuko na mama, akaambiwa akae naye, kwa sababu pepo iko miguuni kwake. Akanipa majina yote mpaka mwisho. Aliniletea mama yangu na karatasi zake zimekamilika. Nilimpenda mtu huyo siku hiyo zaidi ya siku zote.

Yale yanayonihusu mimi nitayasema pia, hata yasiyonipendeza. Mwaka wa kwanza wa buchari yangu, mteja aliuliza kama mbuzi ni wa leo, nikasema wa leo. Alikuwa wa jana. Maalim alikuwa amesimama mlangoni, na ni yeye aliyemchinja yule mbuzi, kwa hivyo hakuhitaji kuuliza. Akasalimia akaenda zake. Jioni yake darasani zamu yangu ya kusoma ilipofika, alimwita anayefuata. Na kesho yake. Na wiki iliyofuata. Niliendelea kuja, niliendelea kukaa mbele, na kwa karibu mwaka mzima sikusoma hata mstari mmoja kwa sauti. Siku moja nilimwambia mteja, nyama hii ni ya jana, ukitaka ya leo nenda kwa jirani. Sijui Maalim aliipata kwa nani hiyo. Jioni aliniita jina nisome.

Kwa hivyo mtaelewa ijaza ilikuwa nini kwangu. Ijaza ni ruhusa: mwalimu anakuandikia kwamba umesoma kitabu kizima kwake, neno kwa neno, naye alisoma kwa mwalimu wake, na huyo kwa wake, majina yanapanda mpaka juu kabisa. Jina langu, mimi binti wa muuza matumbo, lilikuwa la mwisho chini ya orodha ya watu wa Madina na Basra. Alipoimaliza alinitazama akasema sasa wewe pia ni kiungo kwenye mnyororo, usije ukakatikia hapo. Niliitia kwenye fremu nikaitundika chumbani. Wateja walinishangaa wiki hiyo, nilikuwa napunguza bei bila kuombwa.

Maneno aliyoyarudia kuliko yote ni haya. Alisema mwongo hamsumbui, mwongo tunamjua na tunampita. Wa kuogopwa ni mtu mwema ambaye kichwa kimechoka, kwa sababu mnampenda, na mtampokea. Alitufundisha kwamba wako wapokezi waliokuwa imara kama chuma, kisha uzee ukawachanganya, na wanafunzi wao wakafanya jambo gumu: wakauliza lini, wakachora mstari. Aliyesikia kwake kabla ya mstari anapokewa. Aliyesikia baada, hapokewi. Hawakufanya hivyo kwa kumchukia mzee. Walifanya ili yale mazuri ya kabla yasizame pamoja na mabovu ya baada.

Kisu alikiweka chini mwenyewe. Nilikuwa pale nikisubiri nyama yangu. Alimlaza ng'ombe, akashika kisu, akautazama mkono wake kwa muda mrefu, kisha akampa mwenzake na kusema mkono ukitetemeka mnyama anateseka. Hakurudi tena kuchinja. Sote tulisema huyo ndiye mwanamume, anajua siku yake.

Basi siku moja darasani alisoma hadithi ya mtu aliyemwomba Mtume usia akaambiwa "Usikasirike", mara baada ya mara. Hadithi ni sahihi, kila mtu anaijua. Lakini Maalim aliiwekea mnyororo wa hadithi nyingine, ile ya kwamba matendo ni kwa nia, jina kwa jina, bila kusitasita, na uso wake umetulia. Kalamu yangu ilisimama. Nilitazama huku na huku, hakuna aliyegundua, au aliyegundua aliinama. Nikajiambia ni uchovu tu. Na mimi ni nani nimkosoe mbele ya watu, mtu aliyenitoa mlangoni? Nikanyamaza. Wiki zilizofuata aliteleza tena, na tena, na mimi nikanyamaza kwa heshima zangu zote.

Kumbe mmoja wa wanafunzi alikuwa amerekodi. Sauti ikaenda kwenye simu za watu, ikafika Kajiado, na mwalimu mmoja wa huko, kijana mwenye adabu, akaisoma hadithi hiyo ya "Usikasirike" kwenye hotuba ya Ijumaa kwa mnyororo ule ule, akasema ameipokea kwa Maalim wa Kitengela. Baadaye akafungua kitabu akaona kosa. Akapanda gari akaja. Hii nimeipata kwa Shosho, mke wa Maalim, aliyewamiminia chai. Maalim alikataa kabisa, akasema hajasema hivyo. Yule mwalimu, kwa unyonge, akamwomba ruhusa, akamwekea sauti. Shosho anasema Maalim alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena, kisha akasema, ndiyo, huyo ni mimi.

Alikuja kwangu siku ile ile. Nilikuwa nakata mbavu. Hakukaa.

"Siku hiyo ulikuwa mbele," akasema.

"Nilikuwa, Maalim."

"Ukasikia."

"Nilisikia."

"Na kwa daftari uliandika nini?"

Nikamwambia ukweli. Niliandika ile iliyo sawa, ile aliyonifundisha zamani.

"Kwa hivyo wewe uliweka nzuri nyumbani kwako," akasema, "na ukaacha watu wangu waende na mbovu."

Niliweka kisu chini. Nikatafuta neno la kujikinga nalo. Nikamkumbusha kwamba na yeye alinyamaza kwenye matanga ya mama. Akasema ni kweli. Akasema yeye alinyamaza siku tatu, kwa ajili ya mtu aliyekuwa analia. Mimi nimenyamaza miezi, na hakuna aliyekuwa analia, ila ni mimi niliyekuwa naogopa. Kisha sauti yake ikashuka, na hayo aliyosema baadaye ndiyo ninayoyasikia nikiwa peke yangu.

"Mama Zuhura, mkono wangu niliuona ukitetemeka, nikaweka kisu. Kichwa changu siwezi kukiona. Wewe ndiye ulikuwa umekaa mbele."

Akaniambia nitasimama msikitini niseme, na niseme tarehe, kwa sababu ni mimi niliye na daftari. Nilimwomba amtafute imamu. Akakataa. Nililia pale pale, mbele ya mteja. Akangoja nimalize, akaniambia nisichague kosa lililoonekana. Nitafute la kwanza.

Nilifunga buchari siku mbili. Nilirudi nyuma daftari moja baada ya nyingine, nikilinganisha na kitabu. Nilitarajia mstari uwe karibu na ile "Usikasirike". Haukuwa hapo. Nilikuta jina limerukwa kwenye mnyororo wiki kadhaa kabla, na kabla ya hilo jingine, mtu na mjukuu wake wamefanywa mmoja. Muda huo wote nilikuwa nikimsahihisha kimoyomoyo bila hata kujua, mkono wangu unaandika alichokuwa ametaka kusema. La kwanza kabisa nililipata kwenye somo la mwanzo wa mvua fupi. Nikatazama tarehe. Kisha nikainua macho ukutani, kwenye fremu. Ijaza yangu aliniandikia wiki tano baada ya hapo.

Nataka mjue kwamba nilikaa na jambo hilo. Daftari ni zangu, mwandiko ni wangu, na kosa lile la kwanza lilikuwa dogo, jina moja tu. Ningeuweka mstari miezi miwili mbele na hakuna mtu duniani angejua. Maalim mwenyewe asingejua. Nilichukua kalamu nyekundu nikauchora pale ulipostahili, kisha nikaishusha fremu, nikaitoa ijaza ndani yake, nikairudisha fremu ukutani.

Nilisimama Jumamosi baada ya adhuhuri. Maalim alikaa mbele, ameegemea ukuta, anawatazama watu usoni. Nilisema yeye ni mkweli, hatujawahi kumjua kwa uongo, na kila alichotufundisha kabla ya tarehe hiyo tukishike kwa mikono miwili. Nikasema baada ya tarehe hiyo uzee umemchanganya, na asipokewe. Mzee mmoja akainuka na kunikemea, nisimvunjie mzee heshima. Maalim akainua mkono.

"Endelea, Mama Zuhura," akasema.

Nikaendelea. Nikasema na ijaza yangu imeanguka upande wa baada, kwa hivyo siihesabu, na mtu yeyote asiihesabu. Hapo Maalim alifumba macho. Sikujua kama ni maumivu au ni usingizi. Tulipotoka nje viatu vyangu vilikuwa vimesukumwa mbali na vya wengine. Nikavifuata nikavaa.

Mwaka huu alihamia Nkoroi kwa binti yake, kwa sababu Shosho peke yake hamwezi tena. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita, nikipitia Kiserian, na kilo mbili za maini kwenye mfuko, kwa sababu anayapenda na hayamsumbui meno. Alikuwa amekaa kwenye jua uani, amevaa sweta, safi, ndevu zimechanwa. Alinitazama kwa adabu kama anavyomtazama mgeni. Hakunijua. Shosho akanishika bega, akaingia ndani na maini.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamsalimia. Tukaongea juu ya mvua. Kisha, kwa sababu nilitaka kusikia tena sauti yake kwenye somo hata mara moja, nilimsomea hadithi ya nia na mnyororo wake wote, kutoka mwanzo. Alisikiliza huku kidole kikihesabu majina kwenye goti.

"Umeipata kwa nani, mama?"

"Kwa mzee mmoja wa Kitengela. Alikuwa mchinjaji."

"Ni mtu wa kuaminika?"

Nilijibu nilivyofundishwa. "Mkweli, na mwenye kuhifadhi. Kisha akachanganyikiwa uzeeni."

"Mnajua ni lini?"

"Tunajua. Mstari niliuchora mimi."

"Na hii uliisikia kabla?"

"Kabla, kwa miaka mingi."

"Basi iko sawa," akasema, akatikisa kichwa, ameridhika. Kidole kikarudi gotini. "Na wewe mwenyewe, uko na kitu chake cha baada?"

"Ijaza yangu, Maalim. Aliniandikia baada. Nimeiacha."

Alinigeukia kabisa. Alinitazama kama alivyolitazama lile sikio la fahali, bila haraka, akitafuta mkato. Ndani Shosho alikuwa anakatakata kitunguu.

"Mtu wa namna hiyo," akasema, "mimi ningepokea kwake."

Kisha akauliza kama mvua imenyesha Isinya, nikamwambia bado.

Kwa kanuni yake mwenyewe, neno hilo siwezi kulipokea. Limetoka baada ya mstari, kwa mpokezi aliyechanganyikiwa, na shahidi wa pekee ni mimi ninayefaidika nalo. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari ya ishirini, nikaliandika lilivyo, na mnyororo wake, na tarehe. Pembeni nikaandika: dhaifu. Fremu ile tupu bado iko ukutani.